SINDANO, SI RISASI: MBWA WA KAMBINI WACHANJWE

Kila kambi ya jeshi au ya polisi ina lango, na kila lango lina mlinzi. Hakuna mgeni apitaye hapo pasipo kuulizwa jina lake, atokako na aendako. Walakini yuko kiumbe mmoja aingiaye na kutoka mchana na usiku bila kuulizwa neno na mtu yeyote, naye ni mbwa. Hulala barazani kwa askari, hula makombo ya jikoni, hucheza na watoto, na giza liingiapo hupenya chini ya uzio kwenda kutafuta wenziwe mitaani. Alfajiri hurudi. Ikiwa huko alikokwenda aliumwa na mbwa mwenye kichaa, basi amerudi na mauti kinywani mwake, na mlinzi wa langoni hana habari.

Leo twataka kusema na maaskari wetu, wa jeshi na wa polisi, juu ya jambo ambalo wengi wao hulihesabu kuwa dogo. Twasema kwamba kila mbwa aishiye kambini hana budi kuchanjwa, na kuchanjwa tena kila mwaka, na kwamba desturi ya kungoja mpaka mbwa aume mtu ndipo bunduki ishikwe si ulinzi hata kidogo. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ugonjwa huu tunaotaka kuueleza, maneno hayo ni pungufu, maana mgonjwa akishaonyesha dalili, tiba yenyewe haipo.

ADUI ATEMBEAYE POLEPOLE

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vikaavyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akimwuma mtu, au akilamba mahali penye mchubuko, au mate yake yakiingia machoni au kinywani, virusi hupata njia. Huingia katika mishipa ya fahamu na kusafiri kidogo kidogo kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua muda wa mwezi mmoja hadi miezi mitatu. Mara chache huwa ni siku chache tu, na mara chache hupita mwaka. Aliyeumwa usoni au shingoni huwahiwa upesi kuliko aliyeumwa mguuni, kwani njia ni fupi. Katika muda huo wote mtu hujiona mzima kabisa. Kidonda hupona, kovu hukauka, naye huendelea na gwaride na zamu zake za lindo. Muda huo wa ukimya ndio nafasi pekee ya kumwokoa.

Ubongo ukishafikiwa, dalili huanza: homa, kuwashwa au kufa ganzi mahali palipoumwa, wasiwasi mwingi, kushindwa kumeza, na hofu ya maji iliyo kali hata mgonjwa hukabwa na koo akiletewa kikombe tu. Kuanzia hapo daktari hana la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Watu waliopona baada ya dalili kutokea ni wachache mno katika dunia nzima, nao hawawezi kuwa tumaini la mtu yeyote.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, takriban 99 wameambukizwa na mbwa. Na katika kila waathiriwa 10, wapatao 4 ni watoto ambao hawajatimiza miaka 15.

Hesabu hiyo ya watoto yafaa itazamwe na mtu aijuaye kambi ilivyo. Katika kambi zetu za Kampala, kama vile Naguru, Nsambya na Makindye, familia nyingi hukaa kwa kusongamana, na watoto hucheza nje tangu watokapo shuleni mpaka jua kuchwa. Mbwa ni mwenzao katika michezo. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo mbwa akiruka humpata usoni, shingoni au mkononi, mahali ambapo ni karibu na ubongo. Aidha, mtoto aliyeumwa baada ya kumchokoza mbwa huogopa kuchapwa, naye huficha jeraha chini ya shati. Baba yuko kazini mbali, pengine mpakani au nje ya nchi. Mama haoni ila mkwaruzo mdogo. Juma moja hupita, kisha mawili, na nafasi ile ya kumwokoa hupita nayo.

Baadhi ya watu hudhani kwamba mbwa mwenye kichaa ni lazima awe mkali, atokwe povu na kukimbiza kila mtu. Wako walio hivyo. Lakini wako pia wale ambao kichaa chao ni cha kimya. Mbwa wa namna hiyo hujificha pembeni, taya lake hulegea, sauti yake hubadilika, naye hushindwa kumeza. Mwenyewe huamini kwamba mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani amtoe. Kwa huruma yake hiyo amejitia katika hatari kubwa kuliko angaliumwa na mbwa mkali, maana aliyeumwa na mbwa mkali angalau huenda hospitali.

RISASI HAIKUMALIZA KICHAA

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, tangu zama za ukoloni, dawa iliyozoeleka ya mbwa wazururaji imekuwa ni risasi au sumu. Mtu hulalamika, amri hutolewa, mbwa kadhaa huuawa, na kwa miezi michache huonekana kimya. Baadaye mbwa huwa ni wengi kama awali, na kichaa kiko pale pale. Kwa nini iwe hivyo?

Sababu ya kwanza ni chakula. Mbwa huishi mahali fulani kwa kuwa pana jaa la taka, machinjio, soko au jiko lenye makombo. Ukiwaua waliopo bila kuondoa chakula chao, wengine hutoka mtaa wa pili kuja kushika nafasi, na majike waliosalia hulea watoto wengi zaidi kwa kuwa shibe imeongezeka. Hao wageni hakuna ajuaye kama wamechanjwa au la. Sababu ya pili ni kwamba risasi haisomi kadi. Humwua mbwa aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na kila aliyechanjwa anapouawa, ukuta wa kinga umebomolewa tofali moja. Sababu ya tatu ni wenye mbwa wenyewe. Wasikiapo kwamba mbwa watauawa, huwaficha au huwapeleka kwa ndugu zao vijijini, na kama yumo mgonjwa, ugonjwa nao husafirishwa.

Kisiwa cha Bali, katika Indonesia, kiliyaona hayo. Kichaa cha mbwa kiliingia huko mwaka 2008. Maelfu kwa maelfu ya mbwa waliuawa, na hata hivyo kufikia mwaka 2010 ugonjwa ulikuwa umeenea katika kisiwa kizima. Vifo vya watu vilianza kupungua baada ya chanjo kufanywa kisiwani kote. Meksiko ilishika njia ya chanjo tangu mapema, ikawachanja mbwa wake kila mwaka kwa wingi, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha kuwa nchi ya kwanza iliyokomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari kubwa kutafuta mfano. Pemba, kisiwa ndugu cha Unguja, kilianza kampeni za kuwachanja mbwa mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Chanjo zikalegea. Mwaka 2016 ugonjwa uliletwa tena kutoka nje ya kisiwa, watu wakaumwa, na kazi ikaanza upya mpaka ulipokomeshwa kwa mara ya pili mwaka 2018. Wapemba walipata mafunzo mawili kwa gharama moja: kwamba chanjo hushinda, na kwamba aliyeshinda akilala adui hurudi. Askari hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Zaidi ya hayo, askari ampigaye risasi mbwa aliyemwuma mtu aweza kuwa amepoteza ushahidi. Mbwa mwenye kichaa hutoa virusi katika mate yake kwa siku chache tu kabla ya kuonyesha dalili, na baada ya hapo hufa upesi. Kwa ajili hiyo mbwa aliyeuma, ambaye yaonekana ni mzima na aweza kufungwa pasipo hatari, hufungwa na kutazamwa kwa siku 10 chini ya daktari wa mifugo, wakati aliyeumwa ameanza matibabu. Siku 10 zikipita naye yu mzima, yajulikana kwamba siku ile alipouma hakuwa na virusi katika mate. Akiuawa siku hiyo hiyo na kutupwa, hakuna atakayejua. Na kama hapana budi auawe kwa kuwa ni mgonjwa dhahiri na anashambulia watu, kazi hiyo ifanywe kwa amri ya mwenye mamlaka, mbali na watu, wala asipigwe kichwani, maana uchunguzi wa maabara hufanywa katika ubongo. Risasi ovyo katikati ya nyumba za watu ina hatari zake nyingine ambazo wasomaji wetu wanazijua kuliko sisi.

KINGA YA KUNDI ZIMA

Chanjo ya kichaa cha mbwa haimkingi mbwa mmoja tu. Wataalamu wameona kwamba mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, na hali hiyo ikadumishwa mwaka hata mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita na hufa wenyewe. Mbwa mgonjwa huuma, lakini anayeumwa ana kinga, na mnyororo hukatika. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa amegeuka kuwa mlinzi wa mtoto wa jirani ambaye hata hajui kwamba analindwa.

Mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, ndiye aliyefungua mlango huu. Tarehe 6 Julai, 1885, alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa, naye mtoto akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba, 1895, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mashirika ya kimataifa yamejiwekea shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 asiwepo mtu afaye kwa kichaa kilichotokana na mbwa. Tangu siku ya mtoto yule imepita miaka zaidi ya 140. Dawa ipo, njia yajulikana, na bado watoto wanakufa. Lililopungua ni utaratibu, na utaratibu ndio kazi ya askari.

Maafisa wa polisi wanao mfano nyumbani kwao. Kikosi cha mbwa wa Polisi ya Uganda huwatumia mbwa kufuata nyayo za wahalifu, na raia wengi wamepata haki yao kwa sababu ya pua ya mbwa. Mbwa wa kazi hutunzwa, kwa kuwa kila mtu atambua kwamba mbwa mgonjwa hafuati nyayo. Basi iweje mbwa wa kikosini ahesabiwe kuwa ni askari, na mbwa wa barazani, anayelala karibu zaidi na watoto wetu, ahesabiwe kuwa si kitu?

Huko kaskazini, katika mji wa Gulu, mbwa wamepewa kazi nyingine. Ndugu Francis Okello Oloya, ambaye alipoteza macho yake akiwa mtoto kwa mlipuko wa bomu, alianzisha mpango wa kuwakutanisha watu walioumizwa nafsi na vita na mbwa waliokuwa hawana pa kukaa. Mbwa hao huchanjwa na kuhasiwa, kisha hufunzwa pamoja na watu watakaokaa nao, na wako waliopata usingizi tena kwa sababu kuna kiumbe aliyelala mlangoni mwao. Maaskari waliopita katika vita wataelewa jambo hilo bila maelezo mengi. Lakini waone pia utaratibu wake: chanjo haikusahauliwa, urafiki ukafuata.

MAGONJWA MENGINE YASISAHAULIWE

Kichaa ndicho kiuacho watu, kwa hiyo tumekitanguliza. Hata hivyo, yapo magonjwa mengine ambayo huwaua mbwa wetu, na ambayo chanjo zake zapatikana kwa madaktari wa mifugo wa Kampala, mara nyingi katika sindano moja.

La kwanza ni parvo. Ugonjwa huu haukujulikana ulimwenguni kabla ya miaka ya 1970. Ulitambuliwa mwaka 1978, na katika muda wa miaka kama miwili ukawa umeizunguka dunia. Humpata zaidi mtoto wa mbwa. Hutapika, huharisha damu yenye harufu mbaya, na aweza kufa katika siku mbili au tatu. Virusi vyake hukaa katika udongo kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na maji matupu hayaviondoi. Hiyo ndiyo sababu mtu hununua mtoto wa mbwa akafa, akanunua wa pili akafa, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba nyumba ina mkosi au kwamba yuko aliyefanya uchawi. Uchawi haupo. Ugonjwa uko katika ua, nao humngoja kila mgeni asiyechanjwa.

La pili ni distempa. Mbwa hutokwa na makamasi na tongo, hukohoa, huharisha, na mwishowe hushikwa na kifafa. Ugonjwa huu hauishii kwa mbwa wa nyumbani. Mwaka 1994 ulivamia mbuga ya Serengeti, Tanzania, ukaua simba wapatao 1,000, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa mbuga hiyo, na mbwa wa vijiji vya jirani walihesabiwa kuwa chanzo chake. Vikosi vyetu vilivyo karibu na hifadhi za wanyama, ambazo ni fahari ya nchi na chemchemi ya fedha za kigeni, na vilikumbuke jambo hilo kila vinapofuga mbwa.

La tatu ni ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, ambao jirani zetu wa Tanzania waliupa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022 na kuua watu. Mbwa huupata kwa kunywa maji ya madimbwi, naye aweza kumwambukiza mtu. Palipo na ghala la chakula hapakosi panya, na kambi zote zina maghala.

Ratiba ya chanjo hizo si ngumu. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na umri wa juma la 6 hadi la 8, kisha hurudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 mpaka afikishe juma la 16. Wengi huchanja mara moja wakaacha, wakidhani kazi imekwisha. Hawajui kwamba kinga aliyoipata mtoto katika maziwa ya mamaye aghalabu huizuia chanjo ya kwanza kufanya kazi yake, na kinga hiyo ya maziwa ikiisha, mtoto hubaki wazi. Chanjo ya kichaa hutolewa afikapo miezi 3, naye hurudiwa kila mwaka. Mama asiyejulikana kama amechanjwa, na mbwa mkubwa aliyeokotwa, wote wapelekwe kwa daktari bila kungoja.

WAJIBU WA MWENYE MBWA

Askari afugaye mbwa amejitwika amana. Ampatie jina, ukosi na mahali pa kulala. Amfunge au amzuie uani usiku. Aiweke kadi yake ya chanjo pamoja na hati za jamaa yake, na tarehe ya kurudi kwa daktari aijue kama aijuavyo siku ya mshahara. Asinunue dawa ya chanjo sokoni kwa mtu asiyemjua, maana chanjo hutunzwa katika ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi, na ile iliyozungushwa mfukoni katika jua la Kampala imekwisha kufa kabla haijaingia mwilini mwa mbwa. Na kama hataki watoto wa mbwa, amhasi mbwa wake. Kuwatupa watoto hao kwenye jaa la taka ni kuwafunza uzururaji.

Wako wasemao kwamba mbwa aliyechanjwa hulegea, hupoteza ukali wake na hawezi tena kulinda. Maneno hayo hayana msingi. Mbwa aweza kuchoka kwa siku moja au mbili baada ya sindano, kama ambavyo kuruta huumwa bega baada ya chanjo yake, kisha hurudia hali yake. Wako pia wasemao kwamba gharama ni kubwa. Kwa kichaa cha mbwa, Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi na Mamlaka ya Jiji la Kampala zimekuwa zikifanya kampeni za chanjo mara kwa mara. Mwenye shida ya fedha aulize mapema siku na mahali. Gharama ya sindano ya mbwa haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya kumtibu mtoto aliyeumwa, achilia mbali gharama ya sanda.

WAJIBU WA WAKUBWA WA VIKOSI

Hata hivyo, jambo hili halitafanikiwa likiachiwa kila askari peke yake. Mbwa wengi wa kambini hawana mwenyewe hasa. Walikuwa na mwenyewe, naye akahamishwa. Lori lilipopakiwa vitanda, sufuria na magodoro, mbwa alibaki amesimama njiani, na tangu siku hiyo akawa mbwa wa kila mtu, maana yake mbwa wa hakuna mtu. Hao ndio wasiopelekwa kwa daktari, na hao ndio watakaoleta msiba.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi. Kwanza, ifanywe hesabu ya mbwa wote, nyumba kwa nyumba, kama ifanywavyo hesabu ya mali nyingine, na kila mbwa aandikwe jina la mtu atakayemjibia. Pili, ichaguliwe siku moja kila mwaka, ambayo ingefaa iwe karibu na tarehe 28 Septemba, na daktari wa mifugo wa jiji au wa wilaya aalikwe kambini, ili mbwa wote wachanjwe kwa siku hiyo hiyo na kadi zitolewe. Tatu, askari ahamishwapo, mbwa wake aende naye au akabidhiwe kwa mwingine kwa maandishi, kwani askari haachi bunduki yake njiani akaondoka. Nne, majaa ya taka yafunikwe na makombo ya jikoni yazikwe, ili mbwa wa nje wasipate sababu ya kuja. Vitendo vyote vinne havihitaji fedha nyingi.

Kwa upande wa polisi, lipo jukumu la ziada. Uganda inayo sheria mahususi ya kichaa cha mbwa, ambayo humpa mtaalamu wa mifugo uwezo wa kuamuru mbwa wafungwe na wachanjwe mahali ambapo ugonjwa umetokea. Raia hufika kituoni kushtaki kwamba ameumwa na mbwa wa jirani. Mara nyingi shauri huandikwa kama ugomvi wa majirani, wakasuluhishwa kwa fidia ndogo, wakaenda zao. Ofisa wa zamu aliye mwangalifu ataanza kwa kuuliza: je, kidonda kimeoshwa, umekwenda hospitali, na mbwa yuko wapi? Maswali hayo matatu yaweza kuokoa maisha kabla kitabu cha mashtaka hakijafunguliwa.

MTU AKIUMWA

Mwisho, yafaa kila askari ayajue mambo haya kama ajuavyo namba yake. Aliyeumwa, au aliyekwaruzwa na mbwa hata damu ikatoka kidogo tu, kidonda chake kioshwe mara hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili kwa saa. Muda huo ni mrefu kuliko watu wadhaniavyo, na ndio unaoondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijapata njia. Asipake pilipili, wala majivu, wala mafuta ya gari, wala asifungiwe lile jiwe jeusi ambalo watu huamini kwamba hunyonya sumu. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ajua kwamba mbwa amechanjwa, na daktari ndiye aamue.

Huko atapewa chanjo, na kama jeraha ni kubwa, ataongezewa dawa ya kinga ipigwayo katika kidonda chenyewe. Wazee wetu bado huzikumbuka sindano nyingi zilizopigwa tumboni siku za zamani, na simulizi hizo zimewafanya vijana wengi wakimbie hospitali. Siku hizo zimekwisha. Sindano za leo ni chache na hupigwa mkononi, karibu na bega. Lililo muhimu ni kuzimaliza zote kwa tarehe alizopangiwa. Askari aliyepata sindano mbili akapelekwa safari ya kikazi, amwarifu mkubwa wake, na mkubwa wake ahakikishe kwamba zilizosalia zinamfuata huko aendako. Na mtoto aliyeumwa asichapwe. Mtoto achapwaye leo kwa kuumwa na mbwa hatasema kesho akiumwa tena, na wenzake watakaomwona akilia watajifunza kunyamaza.

Nchi imewakabidhi maaskari silaha ili wananchi walale salama, na wananchi wa kwanza ni wale walio ndani ya uzio wa kambi: wake, waume, watoto na wazee. Tumeeleza kwamba yuko adui ambaye bunduki haimwezi na sindano ndogo humshinda. Twawaomba basi makamanda wasingoje barua ya mkuu wa juu wala msiba wa kwanza. Mbwa wako kambini leo. Wahesabiwe juma hili, daktari aitwe, na kila mmoja wao apate kadi yake.